Mama Emmy Aliyesoma Hispania Yote

Mimi ni mtu wa kelele, na kazi yangu ni kuwaambia watu wanyamaze. Mwaka wa kumi na moja sasa nakaa kwenye meza ya mbele ya maktaba moja hapa Kitale, na msomaji namjua kabla hajafungua mdomo. Wa mtihani hutafuta kiti karibu na soketi. Wa gazeti hutaka ukurasa wa kazi na ukurasa wa vifo. Wa mvua hana haja na kitabu, anataka paa. Mama huyu hakuwa mmoja wa hao. Aliingia Jumanne moja ya mwezi wa tano, mkoba ameubana tumboni, akaniinamia na kuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia choo.

“Dada, mko na kitabu yoyote ya Spain?”

“Spain ya mpira ama Spain gani?”

“Ya masista.”

Vitabu vya Hispania tulikuwa navyo, tena hatukujua tuvipeleke wapi. Miaka sita nyuma, mjane wa mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyestaafia upande wa Endebess alituletea magunia matatu ya vitabu vya marehemu. Gunia la kwanza lilikuwa Kilatini. La pili lilikuwa fikra, watu wa kale wakibishana juu ya roho na haki. La tatu lilikuwa historia ya Wahispania, kwao na kote walikokwenda kutawala. Tulivipanga rafu ya mwisho kando ya choo, na tangu siku hiyo aliyevigusa ni mimi tu na kitambaa cha vumbi. Nilimpeleka huko. Akavitazama vyote kuanzia juu mpaka chini, akavuta pumzi, akasema, “Ni mingi.” Kisha akaketi.

Akawa mtu wa kila Jumanne. Jina lake aliliandika kwenye daftari la wageni kwa mwandiko safi: Phelista Nasimiyu, Bokoli. Hapo nikashangaa. Bokoli na Kitale si jirani, na Bungoma mjini wako na vitabu vyao. Mtu haachi kisima cha nyumbani akachota maji kwa watu bila sababu, nami sababu za watu huniwasha. Nilivumilia Jumanne tatu. Ya nne nikamtoa nje kwa chai na maandazi, nikamuuliza wazi, “Mama, nani yako yuko Spain?”

Alizungusha kikombe. “Msichana yangu. Emmy. Lakini usiambie mtu wa Bungoma.”

Ndipo nikajua habari zake. Alikuwa karani wa usajili wa vizazi na vifo, Bungoma, miaka ishirini na sita, mpaka alipostaafu mwaka jana. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto huyo mmoja. Mama Emmy ni wa kanisa la Marafiki, wale Quaker, watu wasiotundika hata msalaba ukutani. Mtoto akapata nafasi katika shule ya bweni ya masista, akarudi na rozari. Mama akasema ni utoto, utaisha. Haukuisha. Alipofika miaka ishirini na moja, Emmy aliondoka kwenda Hispania, kwenye nyumba ya watawa wa ndani, wale wasiotoka nje ya ukuta. Mgeni akija huongea naye kupitia wavu wa chuma.

“Nikaambia akina mama wa kanisa ati ameenda kuwa nurse,” akasema. “Walifurahi, bana. Waliniimbia.”

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Emmy ilikuwa na miaka tisa na bado inaendelea. Shemeji yake Bethwel alikuwa akiuliza kila Krismasi mkwe atakuja lini na ng’ombe, naye anajibu kwamba nurse wa Ulaya hawapewi likizo.

Miaka yote hiyo mama alijipa moyo kwamba siku moja mtoto atachoka. Watawa hawa hawafungwi mara moja. Huweka nadhiri ndogo, wanangoja, wanapimwa. Lakini mwezi wa tatu ilikuja barua. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane Emmy angeweka nadhiri za daima. Baada ya hapo hatarudi nyumbani, wala kwa ugonjwa wala kwa mazishi. Alinionyesha barua yenyewe, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Mwishoni Emmy alikuwa ameandika kwamba hataweka nadhiri bila neno la mama yake. Akisema rudi, atarudi. Akisema kaa, atakaa. Angepewa dakika kumi za simu, Alhamisi kabla ya hiyo Jumapili, saa tisa za Kenya. Simu hiyo ikiisha tu angeingia kimya mpaka siku ya nadhiri, na simu hazingepokelewa.

“Sasa nitasema nini?” akaniuliza. “Hiyo mahali sijui. Sijaiona. Mchungaji siwezi uliza, fadha siwezi uliza. Nikasema wacha nisome.”

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Mimi nilikuwa nimekuja na umbea wangu, nikalipa chai.

Alisoma kwa namna yake. Msomaji wa kawaida huanza ukurasa wa kwanza. Mama Emmy alianza nyuma, kwenye orodha ya maneno, akatafuta tauni, njaa, moto, vita. Alikuwa amekuja na daftari kubwa, amelipiga mistari kwa rula: jina, umri, sababu ya kifo, mahali. Kila mtawa aliyekufa ndani ya vitabu vile alimwandikisha. Tauni, tauni, homa, kifua kikuu, tauni, kuchomewa nyumba na waasi. Kufikia mwezi wa sita alikuwa na marehemu mia moja na kumi na wawili, wengine wa kuvuka bahari kabisa, wa Meksiko na Peru.

“Mama Emmy, hawa walikufa miaka mia nne iliyopita,” nilimwambia.

“Si kitu. Hata Bungoma watu walikuwa wanakuja kuandikisha kifo wamechelewa.”

Nilicheka mpaka mwanafunzi mmoja akaniambia mimi ninyamaze. Yeye hakucheka. Kidole chake kilikuwa kikishuka ule mstari wa umri. Alikuwa akitafuta mmoja tu aliyefika uzee, na kila akimpata hamwamini.

Kilatini kikafuata. Emmy alikuwa ametuma maneno ya nadhiri yenyewe, mistari sita. Mama aliichukua kamusi ya marehemu, akafanya mstari mmoja kwa wiki, ulimi nje, kidole kwenye neno. Mstari wa mwisho ulimpa tabu kidogo tu. Ulikuwa unasema mpaka kufa. Alifunga kamusi, akaenda kusimama dirishani, akawa anaangalia watu wa sokoni na mahindi yao.

Vitabu vya fikra alivipa Jumanne mbili. Alitaka kujua kama kuna mwenye hekima yeyote aliyeandika mzazi ana haki gani juu ya mtoto mzima. Alinirudishia kimoja kwa kukiweka mezani kwa kishindo. “Nimesoma kurasa mia mbili. Huyu mtu hakuwa na mtoto.”

Mwezi wa saba ndipo alipofikia kitabu kilichomwumiza. Kilieleza jinsi nyumba za watawa zilivyokuwa zikijazwa zamani kule Hispania. Kwanza kilimchekesha, kwa sababu huko baba ndiye aliyekuwa akitoa mali ili binti aolewe. “Huko ungelipa ng’ombe ndio wamchukue! Bethwel angekufa!” Kisha akasoma mbele na kicheko kikakatika. Baba mwenye mabinti wanne alimwoza mmoja na wale watatu akawafungia utawani, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Wengine waliotaka utawa wenyewe, kaka zao waliwaburuta nje kwa nywele wakaolewe. Alisoma siku nzima, hakula. Saa kumi na moja nilipokuja kumwambia tunafunga nilimkuta jasho linamtoka.

“Kitabu mzima, Nyaruai. Hakuna msichana hata mmoja ameulizwa. Wa kuingia hajaulizwa, wa kutoka hajaulizwa.”

“Wako ameulizwa na nani? Si ameenda mwenyewe?”

“Ndio maana naogopa.” Akakaa tena ingawa nilikuwa nimeshika funguo. “Nilikuwa nimeamua kumwambia arudi. Nilikuwa na sababu yote kwa hii daftari. Sasa najiuliza, ni ya Emmy ama ni yangu? Mimi naogopa kuzeeka pekee yangu kwa hiyo nyumba. Naogopa siku watajua nilidanganya. Hiyo ni tofauti gani na huyu baba wa mabinti wanne?”

Nikampa ushauri ambao mtu yeyote angempa. “Mwambie aamue mwenyewe.”

“Nikisema hivyo ataona simjali. Ameuliza, Nyaruai. Mtu akiuliza anataka jibu.”

Jioni hiyo nilimpigia mama yangu simu bila shida yoyote, akaniuliza kama ninaumwa.

Alhamisi yenyewe alifika saa nne asubuhi kwa simu ya saa tisa. Alikuwa amevaa suti ya kijani ya kazini, ile ya siku za wakubwa kutoka Nairobi. Nilimpa kile chumba kidogo tunachoshonea vitabu vilivyochanika, nami nikataka kutoka. Akanishika mkono. “Kaa. Uwe shahidi. Na sikio yangu ya kushoto haisikii vizuri, tutaweka sauti juu.” Aliweka daftari la marehemu juu ya meza, akalifungua, akalifunga, akaliingiza ndani ya mkoba. Mara tano aliniuliza kama simu yake ina chaji. Ilikuwa imejaa.

Saa tisa na dakika mbili ikalia.

“Mama? Mama, ni mimi.”

“Emmy! Uko aje? Unakula?”

“Nakula, Mama. Tumevuna nyanya. Wewe mguu unaendeleaje?”

Sauti ya mtoto wa Bokoli kabisa, ila maneno yanakuja polepole, anayatafuta. Waliongea nyanya, mguu, ng’ombe aliyezaa, ni nani amekufa pale kijijini. Mimi naangalia saa ya ukutani. Dakika nne zikaisha. Dakika sita. Nilitamani kugonga meza. Maji ukiyavulia nguo yaoge, lakini mama na mwana wote wawili walikuwa wanazunguka ukingoni, kila mmoja anangoja mwenzake aingie.

Ni Emmy aliyeanza. “Mama, ulisoma barua yangu?”

“Nilisoma.”

“Basi unasema nini?”

Mama Emmy alifumba macho. “Kaa,” akasema. “Kaa huko, mwanangu. Mimi sitakuvuta. Usirudi kwa sababu yangu.”

Kukawa kimya. Si kimya cha simu kukatika, kwa maana nilimsikia mtu akipumua. Nilihesabu mpaka saba.

“Asante, Mama,” Emmy akasema.

Kisha kengele ikalia huko kwao, akamwambia mama yake haraka haraka abaki na Mungu, na laini ikafa.

Mama Emmy alitabasamu. Alifuta uso kwa leso, akanishukuru, akanyoosha suti, akasema sasa ni kazi ya Mungu. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya gundi na nyuzi zangu aliposema, bila kuniangalia, “Umesikia hiyo asante?”

“Nimesikia.”

“Akiwa mdogo alikuwa hapendi uji ya wimbi. Hajawahi kataa, hata siku moja. Nikimpa kikombe alikuwa anasema asante, Mama. Hivyo hivyo. Halafu anakunywa yote.” Akanigeukia. “Nyaruai, wewe umesikia aje? Sema ukweli.”

Mimi, mwenye mdomo ambao kila mtu mtaani kwetu Kibomet anaujua, nilisema uongo. Nilisema nimesikia furaha. Kitu nilichosikia ni msichana aliyengoja miaka tisa kuitwa nyumbani, au labda msichana aliyeshikwa na kilio cha shukrani, na zile sekunde saba nilizohesabu hazikuniambia ni yupi kati yao. Ila jambo moja nililiona wazi na likanichoma. Mama huyu alisoma rafu nzima ili asiwe kama wale baba, na mwishowe alikuwa amesema neno lao lilelile, kaa, bila kumuuliza Emmy mwenyewe anataka nini.

Alinitazama usoni. Mtu aliyeshika vyeti vya watu miaka ishirini na sita anaijua karatasi ya kughushi. Hakunilaumu. Alichukua simu akaipiga namba ile iliyotupigia.

Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nilimkumbusha taratibu kwamba huko sasa wameingia kimya, hakuna wa kupokea mpaka Jumapili, na Jumapili Emmy atakuwa ameshaweka nadhiri. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha anajua. Saa kumi na moja nikazunguka ukumbini nikifunga madirisha, na ndani ya kile chumba bado simu ilikuwa ikiita.