Hodi ya Baada ya Alasiri

Mama mkwe wangu ana ulimi mkali kuliko mtu yeyote ninayemjua hapa Mitwero, na ni yeye aliyenifundisha kutubu. Najua majirani wakisikia hivyo watacheka. Wanaujua ule ulimi, na wengi wao umeshawapitia.

Nilipoolewa tulikaa uwanja mmoja, yeye nyumba ya mbele, mimi na mume wangu vyumba viwili vya nyuma. Mume wangu alikuwa na kazi Songo Songo na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa sisi wawili tu. Asubuhi wanawake watatu wa jirani walikuja uani kwake kubangua korosho. Walipaka mikono majivu ili mafuta ya maganda yasiwachubue, kisha wakaanza kazi na maneno kwa pamoja. Mama mkwe ndiye aliyeongoza maneno: nani kaachika, nani anajidai, nani kapika pilau asimwalike. Alikuwa anachekesha, sikatai. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ilimradi anayesemwa si mimi.

Ikiadhiniwa Alasiri alitawadha, akasali, akabaki amekaa juu ya mswala. Akiinuka hapo alivaa baibui lake. "Nakwenda kwa yule niliyemsema," aliniambia, kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Alipiga hodi kwa mwenye haki yake, akakaribishwa, akasema, "Nimekuja unisamehe. Leo nimekutaja kwa ubaya." Basi. Hakujitetea, wala hakutafuta maneno mazuri. Wengine walimsamehe haraka ili aondoke. Wengine walitaka kujua kasema nini hasa, na hapo ugomvi ukaanza upya. Amewahi kufukuzwa, tena kwa kelele, na kesho yake akarudi mlango ule ule. Mtu mzima, mwenye wajukuu! Mimi nisingeweza.

Wiki ya tatu ya ndoa ilikuwa zamu yangu.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba. Unisamehe. Nimewaambia wenzangu mchuzi wako maji matupu."

Nilimsamehe, nikanuna siku mbili, na tangu hapo nikazidisha nazi.

Mwaka wa pili nilipata mimba, ikaharibika mwezi wa tatu. Wiki hiyo hiyo, nimelala ndani sina nguvu, nikamsikia kupitia dirisha akiwaambia wale wanawake kwamba mimba haikuwepo. Nilijisingizia, alisema, ili mwanawe anionee huruma. Wanawake hawakucheka siku hiyo. Nilivuta khanga usoni nikalia bila sauti, maana sikutaka anisikie.

Alasiri akaja. Sikuitikia hodi yake.

"Mwanangu, leo nimesema jambo baya sana juu yako."

"Nimelisikia. Sikusamehe."

Akaja kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne hasira zilinipanda, nikafungua mlango nikamwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama wa mumewe: "Toba gani hii? Kila siku unatubu, kila siku unarudia. Unamfanyia Mungu mchezo."

Nilitaka agombe, nami nipate sababu. Hakugomba. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, udhu wako haujawahi kutenguka? Si unatawadha tena? Sasa mimi nikianguka, nilale hapo hapo?" Akageuka akaenda zake. Nilibaki na hasira zangu mkononi, sijui pa kuziweka.

Siku ya sita mmoja wa wale wanawake alikuja kunijulia hali. Akaniambia mama mkwe amewapitia wote watatu, nyumba kwa nyumba, kusema kwamba aliongopa: mimba ilikuwepo, na yeye mwenyewe ndiye aliyezifua shuka zangu.

Mtu mwenye moyo mwema angelainika. Mimi niliona nimepata nafasi. Nikamsema mama mkwe, nikamsema haswa. Nikasema ni mnafiki, anamaliza tasbihi mkono huu na mkono huu anachoma watu. Nikamwigiza anavyotembea. Yule jirani akacheka, nami nikazidisha, na utamu wa kule kusema nauona aibu kuuandika. Tukiwa katikati ya kicheko ikaadhiniwa Alasiri.

Jirani akaaga. Nikatawadha, nikasali, nikabaki nimekaa. Sasa nilijua yeye hukaa pale juu ya mswala akifanya nini.

Kutoka mlango wangu hadi wake hazizidi hatua ishirini. Nilizipiga, nikarudi, nikazipiga tena. Kusimama pale na kufungua mdomo kusema hodi ni kazi ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na mwanamke yule aliifanya karibu kila siku, kwa watu waliomcheka. Anaifanya mpaka leo. Ulimi wake haujapungua sana, nikisema umepungua nitaongopa, lakini sijaona siku amesema kwamba amechoka kurudi. Nilimheshimu pale mlangoni, kabla hajanifungulia, nikiwa bado nimemchukia.

"Mama, leo nimekusema kwa ubaya."

"Usiniambie umesema nini," akanijibu haraka, "nitakasirika. Nimekusamehe. Ingia."

Nikaingia, nikakaa mkekani. Yeye hakuniomba kitu siku hiyo. Nadhani aliona si haki kudai chake wakati mimi nimeleta changu. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Kwa nini ulisema vile, mama? Shuka ulizifua wewe."

Alikunja upindo wa khanga yake, akaukunjua. Kwa miaka yote ya hodi zake sijawahi kusikia mtu akimuuliza kwa nini. Watu walimuuliza alisema nini tu.

"Nilikuwa nimeshampangia jina," alisema. "Nikaona afadhali niseme hakuwepo. Si udhuru huo, mwanangu. Wewe umeuliza."

Nikamuuliza ni jina gani. Akanitajia, nami nikamsamehe.