Maiti wa Montferrac

Umma unaarifiwa kwa majonzi makubwa kwamba Mfalme wa Ufaransa alifariki dunia Jumanne saa nne asubuhi, ngomeni Montferrac, kwa sumu ya waziri wake, na akafariki tena saa tano kwa kuwa taa moja ya sinema iliungua.

Mfalme huyo alikuwa Fulgence Barbotin, fundi mapipa. Kila watu wa sinema walipokuja kijijini kupiganisha panga zao, maiti wao alikuwa yeye. Alikwisha kuchomwa upanga mara kumi na tisa na kutupwa kwenye handaki la ngome mara nne. Mkewe, Odile, alisema hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila kulalamika.

Safari hii alilazwa jenezani, katika kanisa la ngome. Mwongozaji aliwaambia vikongwe wa kijiji waombe tu kama wanavyoomba kwenye misiba yao, maana sauti ingetiwa baadaye huko Paris. Basi wakaomba kama siku zote, kwa jina la marehemu.

"Umpe Fulgence pumziko la milele, ee Bwana."

Fulgence akataka kucheka. Midomo haikutii. Akajaribu kidole, kidole kilikuwa kama cha mtu mwingine. Baridi ikampanda taratibu toka nyayoni, na jina lake likarudiwa, likarudiwa, kila mara likitokea mbali zaidi. Akasikia amri ya kufunga jeneza, kama mchezo ulivyotaka. Mafundi wawili wakainua kifuniko huku wakimsifu mzee alivyoiva, hata jasho hatoi. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote, ndani kwa ndani, ambako hakukuwa na mtu.

Odile, aliyesimama karibu na jeneza, peke yake ndiye aliyejua kwamba mumewe akijifanya amekufa, kope la kushoto hucheza kidogo. Leo halikucheza. Akawasukuma mafundi, akapaza sauti kwamba huyu hajifanyi tena, akainama hadi pumzi yake ya kitunguu saumu ikamjaa mumewe usoni.

"We Fulgence," alinong'ona, "ukinifia kweli naolewa na Anselme wa buchani, na suruali zako zote nampa yeye."

Kope likacheza. Mkono ukashika ukingo wa jeneza, na mfalme akaketi.

Vikongwe wakapiga ishara ya msalaba. Mwongozaji, mweupe kama mshumaa, akapiga goti.

"Bwana Barbotin, huko umeona nini?"

Kanisa zima likasubiri.

"Mkojo umenibana," alisema Fulgence.