Alikuwa Anacheza

Rafiki yangu alivunjika mguu saa nne asubuhi, mbele ya wageni waalikwa, akiwa na njuga miguuni. Ilikuwa siku ya kumkaribisha tajiri mpya. Kiwanda chetu cha mbao, pale Njombe, kilikuwa mali ya serikali mpaka wiki ile. Sasa kilikuwa kimeuzwa, na sisi wa kikundi cha ngoma cha kiwanda tuliambiwa tumchezee mnunuzi afurahi.

Niseme habari za lile jukwaa, maana hasira yangu inaanzia hapo. Kiwanda kinapasua mbao kutwa kucha, malori yanapanga foleni getini, lakini hakikuweza kututengea mbao nzima kumi. Jukwaa lilipigiliwa kwa mabanzi, yale makombo ya ubavuni mwa gogo ambayo watu huomba wakajengee mabanda ya nguruwe. Nilimwambia kiongozi wetu wa kikundi kwamba linayumba. Akanijibu, "Wewe imba, usitafute maneno."

Wimbo wa pili rafiki yangu aliruka, kama alivyoruka miaka yote, na banzi likakatika. Mguu wa kushoto ulizama mpaka gotini, mwili ukaenda upande mwingine. Nilisikia mfupa kabla sijasikia sauti yake. Wapiga ngoma waliendelea kidogo, kwa sababu hakuna aliyewapa ishara ya kuacha.

Kwenye makaratasi mimi nilikuwa karani wa stoo, yeye mfagiaji wa karakana. Kweli niliandika, na kweli alifagia. Lakini kila mtu pale alijua kilichotuingiza kiwandani: sauti yangu na miguu yake. Meneja wa zamani alimwona rafiki yangu akicheza harusini kijijini Kichiwa, akamwambia Jumatatu aje aanze kazi.

Hospitali walimfunga plasta wakasema mfupa umekaa vibaya, anatakiwa kwenda hospitali ya rufaa, na mwajiri ajaze fomu ya ajali kazini ndipo gharama zilipwe. Nikaenda kwa ofisa utumishi.

"Ajali kazini?" akauliza. "Alikuwa anafagia?"

"Hapana, bosi. Alikuwa jukwaani."

"Yaani alikuwa anacheza."

"Mlituita ninyi."

"Mama, nakuuliza kwa Kiswahili. Alikuwa anafanya kazi, au alikuwa anacheza?"

Wenzake wawili mle ofisini wakacheka. Kiswahili nilikipatia shuleni. Nyumbani tulizungumza Kibena. Kiswahili nilikipenda na nilikiimba. Siku ile kwa mara ya kwanza nilikiona kikitumika kumfungia mtu mlango.

Kibaya zaidi kilitoka kwetu wenyewe. Orodha ya watakaopunguzwa ilikuwa inaandaliwa, na ofisi ilitembeza karatasi inayosema kwamba tulicheza kwa kujitolea. Kiongozi wa kikundi alisaini wa kwanza. Wengine wakafuata. Mimi sikusaini. Nilimuuliza mmoja wao, mpiga ngoma, kwa nini. Akasema, "Dada, mimi nina watoto." Kama vile yule aliyelala hospitalini alikuwa hana.

Wakili hapakuwa na hata mmoja niliyemjua Njombe. Wa Iringa walikuwa wa watu wenye nazo. Shangazi yangu ndiye aliyeniambia kuna mzee mmoja mjini Makambako, karibu na stendi, ana mashine ya kupiga chapa na anajua sheria. Alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Tanga, karani mstaafu wa mahakama, aliyebaki huko kwa sababu mkewe alikuwa na duka la vitenge. Meza yake ilikuwa kwenye baraza la duka hilo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa. Usilie, karatasi zitalowa."

"Silii. Nimekasirika."

"Afadhali. Mwenye hasira hasahau. Nani aliwaita mcheze?"

"Ofisi."

"Kwa barua?"

"Kwa mdomo."

"Mngeweza kukataa?"

Nilicheka kwa uchungu. Nikamweleza kwamba mwaka uliotangulia nilikosa mazoezi siku moja, mtoto wangu ana degedege, na kesho yake nikapewa barua ya onyo. Mzee aliacha kuandika.

"Barua hiyo inasemaje?"

"Kwamba nilitoroka kazini."

"Nataka maneno yenyewe, binti."

Nilikuwa nayakumbuka yote, kwa jinsi yalivyoniuma. "Kutoroka kazini wakati wa mazoezi ya ngoma."

Alivua miwani. "Binti yangu, wameandika kwa mkono wao wenyewe. Kalete."

Kesho yake nilirudi nayo. Alichapa kurasa mbili kwenda kwa Ofisa Kazi wa serikali. Nilitaka aweke neno "washenzi", akakataa. "Hilo litakufurahisha wewe tu. Mgonjwa halitamsaidia."

Ofisa Kazi alikuja kutoka Iringa, akatusikiliza katika chumba cha kuazima pale wilayani. Rafiki yangu tulimbeba kwenye kiti. Ofisa utumishi aliweka mezani ile karatasi ya kujitolea, na kiongozi wetu akaulizwa kama ni kweli.

"Tulijitolea, mheshimiwa," akasema. Alikuwa anatazama dirisha.

Nikatoa barua yangu. Ofisa Kazi aliisoma mara mbili, akamgeukia ofisa utumishi.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo mazoezi ni kazi, ila onyesho lenyewe ni starehe?"

Yule bwana akaanza kueleza kwamba mwenye mali mpya hawezi kubeba mambo ya mwenye mali wa zamani. Ofisa Kazi alimkatiza, akamwambia ajaze fomu pale pale. Alijaza huku sote tukimtazama, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Fomu ilijazwa, lakini wiki saba zilikuwa zimepita. Mfupa ulikuwa umejiunga unavyotaka wenyewe. Hospitali ya rufaa waliuvunja upya, wakauweka vyuma, na bado mguu ulitoka mfupi kuliko mwenzake. Fidia ilikuja, akaezekea chumba kwao Kichiwa. Watu walituambia tumeshinda. Mimi nilikuwa nauliza tumeshinda nini, maana fomu ile ilihitaji dakika kumi na kalamu moja.

Jina langu lilitokea kwenye orodha ya kwanza ya waliopunguzwa. Waliosaini walibaki mpaka orodha ya pili. Tajiri hakuhitaji kikundi cha ngoma. Aliweka spika kantini.

Walikuja kwangu watano kati ya waliosaini, Jumapili baada ya ibada, kiongozi wao mbele. Rafiki yangu alikuwa amekuja kunitembelea, ameketi jikoni na mguu juu ya kigoda.

"Kamwene, dada," kiongozi akanisalimu kwa Kibena pale mlangoni. "Wanasema sisi hatukuwa wafanyakazi wa kudumu, hawatatulipa mafao. Tunaomba utuelekeze namna ya kumwandikia Ofisa Kazi."

"Andikeni kwamba mlijitolea," nikamwambia.

Niliwaacha wasimame uani, ukungu unawalowesha mabega, na ningewaacha mpaka jioni. Rafiki yangu ndiye aliyesema kutoka ndani, "Waache waingie, nje kuna baridi."

Waliingia. Nilichukua karatasi na kalamu, nikaanza na yule mpiga ngoma mwenye watoto. Tuliandika mpaka alasiri. Birika lilikuwa linachemka jikoni muda wote, na chai sikuwapa.