Printa Iliyokosa Pumzi

Mhariri wa Nairobi alituandikia kwa upole kwamba hadithi zetu ni nzuri, ila tuondoe maneno ya Kiborana na Kiturkana, maana msomaji wa mbali atajikwaa. Sisi, kundi dogo la waandishi wa Isiolo, tulikubaliana bila kupiga kura kwamba msomaji huyo na ajikwae. Tungechapisha kijitabu chetu wenyewe, kwa printa yangu, nyumbani kwetu mtaani Wabera, tukigawe Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule tulioazimwa.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo printa ikanigomea.

Kila ukurasa ulianza vizuri, mweusi tii. Ulipofika katikati, herufi ziligeuka kijivu, zikawa vivuli vya herufi, kisha karatasi tupu. Mshairi mwenzangu, binti wa Kiturkana aliyekuja kukunja kurasa na kuzibana, aliinua mmoja akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Shairi langu limekufa katikati ya ubeti," akasema. "Huyo mhariri wako ana mkono mrefu, siste. Amefika mpaka ndani ya printa."

"Wino upo. Nilijaza katriji jana."

"Basi imekataa Kiturkana."

Niliiamuru mashine isafishe kichwa chake cha kuchapia, nikaiamuru tena. Ikanguruma, ikameza wino, ikarudi pale pale. Nikachomoa katriji nyeusi, nikapangusa mdomo wake kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Bado. Nikampigia simu aliyeniuzia printa.

"Si nilikuambia hizo za kujaza kwa sindano zinataka mtu mwenye subira?" Alikuwa akicheka. "Nunua katriji orijino, dadangu."

"Subira sina, na sinunui."

Katriji hizo orijino hutengenezwa zitupwe zikiisha wino. Sikutaka sauti zetu zitegemee kitu kilichozaliwa kwa ajili ya jalala.

Nilienda jikoni kunywa maji na hasira zangu. Mama alikuwa akifungua kopo la mafuta ya kupikia kwa msumari. Alitoboa tundu moja, akainamisha kopo. Mafuta yakadondoka kidogo, yakakata. Akatoboa la pili upande wa pili, yakamiminika. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni. Siku hiyo nilisimama nikitazama, kinywa wazi.

"Una njaa ama umepagawa?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshageuka. Kwetu tunaishi tukipigana na vumbi. Upepo wa kiangazi huliingiza hata kwenye sukari iliyofunikwa, kwa hivyo runinga huvishwa kitambaa na vikombe hulala vimepinduliwa. Nilipojaza katriji niliona kitundu juu yake, nikakiziba kwa selotepu vumbi lisiingie, nikajiona makini sana. Kumbe hapo ndipo hewa inapopitia. Wino ukipungua lazima hewa ishike nafasi yake. Mimi nilikuwa nimeifungia mlango, na wino ukakataa kushuka.

Nikabandua selotepu. Katriji ikavuta pumzi, sauti ndogo kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikafunika kitundu kwa kipande cha shashi nyepesi, hewa ipite na vumbi libaki nje, nikaisafisha mashine mara nyingine.

Ukurasa ukatoka mweusi hadi mstari wa mwisho. Kompyuta ikaonya kwamba wino huu hautambuliki, ikauliza kama kweli nataka kuendelea.

"Inauliza nini?" mshairi akataka kujua.

"Kama nina hakika."

"Ijibu haraka, alasiri inakuja."

Nikabonyeza ndiyo.

Ukumbini vijitabu vilifika bado vikinuka wino. Mfanyabiashara mmoja Msomali, mwenye kofia na miwani, alikwama kwenye neno la Kiturkana ndani ya shairi. Alilirudia kwa midomo, akamgeukia mama mmoja wa Kiturkana aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua. Yule mama alimweleza kwa mikono yote miwili, kwa sababu Kiswahili chake hakikutosha, hadi watu wa mstari wa mbele wakageuka kusikiliza.

Tulipochapisha tena, neno hilo tuliliacha palepale, bila tanbihi.