Jina la Jongoo wa Bafuni

Mtaani walimwita Bi Jongoo, naye aliitika. Mtu anayezunguka kisiwa kizima ameinama, akifukua majani yaliyooza na kushangilia anachokikuta humo, akibandikwa jina la utani asinune.

Kazi yake kwenye makumbusho ilikuwa kutambua aina mpya za majongoo. Kazi yenyewe ina maudhi, kwani jike hasaidii kitu: aina hutofautishwa kwa vijiguu fulani vya dume. Msimu mzima wa mvua Bi Jongoo aliokota majike matupu ya aina asiyoijua. Dume hata wa dawa hakuonekana.

Kumbe dume alikuwa bafuni kwake. Mavyaa yake, waliyekuwa wakiishi naye, alimkuta, akamwinua kwa kijiti, akamtupa jongoo na mti wake kama wahenga walivyoagiza. Aliposimulia mezani, Bi Jongoo aliacha sahani yake akakimbilia jalalani na tochi.

"Na wewe ulisema umeoa msomi," bibi akamwambia mwanawe.

Jongoo akaonekana, na aina ikawa mpya kweli. Ilibaki kupewa jina, na desturi ya kazi ile ni kumheshimu aliyemwona mdudu kwa kumwita mdudu jina lake. Hapo Bi Jongoo akaingiwa na baridi. Jina la mavyaa lilikuwa la kizamani. Wajukuu watano walikuwa wamezaliwa, na wake za wanawe wote walilikwepa, yeye akiwemo, wakachagua majina ya kwenye televisheni. Bibi hakulalamika, ila siku hizi hata kuuliza aliacha. Leo aombwe jina hilo kwa ajili ya jongoo? Bi Jongoo akapiga moyo konde.

"Mama, yule jongoo wa bafuni, naomba nimpe jina lako."

Bibi aliweka chini nguo aliyokuwa akishona. "Jina langu. Jongoo."

"Ukikataa, mama, naacha."

"Likishaandikwa, litafutwa?"

"Halifutwi. Popote atakaposomwa, litasomwa lako."

"Nyie si mlisema halitamkiki?"

Bi Jongoo aliona haya mpaka machozi yakamlenga. "Tulikukosea, mama."

Bibi akataka kumwona huyo jongoo. Alivaa miwani, akainamia hadubini, akamkagua kichwa hadi mkia bila haraka.

"Miguu yote hii, na bado alishindwa kunikimbia," akasema.

Kisha, kwa sauti ya chini, akamwita kwa jina lile ambalo maisha yake yote hakuwahi kumwitia mwingine.