Siku Niliyomvusha Mama Mkwe kwa Karavani

Mpaka leo nikifika kivuko cha Kigongo kuvuka kwenda Busisi napandisha vioo vya gari na kuvaa miwani ya jua, hata kama mvua inanyesha, kwa sababu wapo wauza samaki pale wanaonikumbuka, na mmoja wao (mama mmoja mnene, mcheshi, Mungu anamwona) hupenda kuniuliza kwa sauti, "Baba, leo umebeba nani?" Aibu ile niliitafuta mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma, nilisukumwa na wivu, na nawasimulia ili mnicheke mara moja tuishie hapo.

Wivu wenyewe ulikuwa kwa Masalu. Mimi na Masalu tumeoa nyumba moja, yeye alimwoa dada mtu na mimi nikamwoa mdogo, Tabitha wangu, na wakwe zetu wanaishi ng'ambo, upande wa Sengerema. Masalu alikuwa dereva wa lori la pamba, lile lenye tela nyuma, mtu wa makobazi ya tairi na shati moja la heshima. Mimi nilikuwa na duka la nyavu na maboya mjini Mwanza, nyumba Kiseke, na gari la Kijapani la forwili, si kubwa si dogo, lililopita Dubai kabla halijanifikia (ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye akili anaagiza kitu). Sasa niambieni, kati yetu sisi wawili nani alipaswa kusifiwa ukweni?

Lakini Tabitha kila akitoka kwao alirudi na habari zilezile. "Mama anasema Masalu kaezeka jiko." "Mama anasema Masalu kachimba choo kipya." "Mama anasema Masalu kamponya ng'ombe." Mama anasema, mama anasema, na mimi niliyepeleka redio ya kaseti na seti nzima ya vikombe vya maua sikuwahi kusikia mama anasema yangu hata moja. Iliniuma. Nilifika mahali nikisikia lori linapiga honi barabarani nakasirika, hata kama si lake.

Na kumweleza mama mkwe mwenyewe nisingeweza, kwa sababu nyumba ile inashika mila. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawakai pamoja, hawasemeshani uso kwa uso, neno lolote linapita kwa mke. Miaka tisa ya ndoa, nakuambieni, kisogo cha yule mama nilikijua vizuri kuliko uso wake.

Basi mwaka huo mama mkwe akaja Mwanza kutibiwa macho, akafikia kwa mdogo wake, mtaa wa Mirongo, na alipopona ikawa arudishwe kwake. Masalu akajitolea kumsindikiza kwa basi, yeye akae mbele na mama akae nyuma. Tabitha alivyoniambia, damu ikanichemka.

"Basi? Mama mkwe wangu apande basi na mimi nina gari?"

"Gari lako ni dogo, Baba Neema," akasema Tabitha. "Mtakaaje humo na mama? Atakataa."

Hapo ndipo nilipokumbuka kijumba cha Mzungu mmoja pale mjini. Alikuwa fundi wa mitambo, mkataba wake umekwisha, anauza kila kitu hadi vijiko, na uani kwake palikuwa na karavani ndogo ya magurudumu mawili, nyeupe, yenye kitanda, kabati na madirisha mawili ya mapazia ya maua. Nikaona mwanga. Mama atakaa nyuma kwenye chumba chake, amelala kama malkia, mimi nitakuwa mbele kwenye gari, mila haijaguswa, na kijiji kizima kitatoka nje kuona mkwe gani ameleta nyumba na gari kwa pamoja! Nikainunua siku hiyohiyo. Sikuuliza hata inavutwaje.

Asubuhi ya safari mama mkwe aliingia ndani ya karavani mimi nikiwa nimegeukia ukuta kwa adabu. Nikamsikia anabonyeza godoro, anafungua kabati, anafunga. Tabitha akaja kuninong'oneza, "Mama anasema pazuri."

Jamani! Mama anasema yangu ya kwanza. Karibu nilie.

Masalu alikuwa pale (alishaahidi kusindikiza na akang'ang'ania kutimiza, mkononi ana nyundo na kifurushi cha misumari ya bati, maana hata siku ile alikuwa na paa la kugonga ukweni). Akazunguka karavani, akainama, akatikisa ile ndoano inayoshika tela, kisha akaniuliza polepole, "Shemeji, umewahi kurudi rivasi na tela?"

"Naendesha gari mwaka wa nane huu."

"Sijauliza gari. Tela lina ukaidi wake. Ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Tukifika kwenye kivuko nipe mimi."

Nikamwambia asante na nikaapa moyoni kwamba usukani ule hataugusa. Yaani nimpe usukani mbele ya mama mkwe, halafu Tabitha aje aniambie mama anasema Masalu kaendesha vizuri?

Njia yote nilikuwa mtu mwenye raha. Watu walisimama kutuangalia, nikapunguza mwendo ili waangalie vizuri. Tukafika Kigongo, tukapanga foleni, Tabitha akashuka kununua samaki na kupitiliza kwenye pantoni kwa miguu, kama abiria wengine. Zamu yetu ikafika. Mfanyakazi wa kivuko, kijana mrefu mwenye filimbi, akaja dirishani.

"Mzee, hapa unaingia kwa rivasi, ili ng'ambo utoke uso mbele. Na abiria wote washuke. Humo kwenye kijumba kuna mtu?"

Naomba msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojimaliza. Mama mkwe alikuwamo, amelala. Wa kumwamsha ni Tabitha, na Tabitha alikuwa ameshapanda pantoni, anabishana bei ya furu, visamaki vya ziwani. Mimi siwezi kugonga mlango wa chumba alicholala mama mkwe. Masalu hawezi vilevile. Ningesema yumo, ingebidi tusubiri, foleni inapiga honi, na Masalu pembeni yangu alishafungua mdomo kuniomba usukani.

"Hakuna mtu," nikasema.

Masalu akanitazama. "Shemeji."

"Shuka unielekeze," nikamwambia. Akashuka, akamkimbilia Tabitha.

Nikaweka rivasi. Nikakata kulia kidogo, karavani ikaenda kushoto. Nikasema aa, basi nikate kushoto, ikaenda kulia kwa hasira. Yule kijana anapiga filimbi, wauza samaki wananipa maelekezo kila mmoja ya kwake, mwendesha baiskeli mmoja ananiambia nifuate mkono wake na mkono wenyewe unaonyesha mbinguni. Mbele ya macho ya Masalu nisingesimama. Nikakanyaga mafuta kama mwanaume.

Gari na karavani vikakunjana. Nikasikia ndoano inalia kaa!, nikaona kwenye kioo kile kijumba changu cheupe kinaachana na mimi, kinateleza ubavu kwenye zege, taratibu kabisa, kama mtu anayeingia ziwani kuoga, kikaenda kusimama ndani ya maji pembeni ya gati, kimeinama, maji yamefika nusu ya mlango.

Mara pazia la maua likasogea, na uso wa mama mkwe ukatokea dirishani.

"Ulisema hakuna mtu!" yule kijana akapiga kelele. Umati mzima ukarudia, "Alisema hakuna mtu!" Kutoka kwenye pantoni nikamsikia Tabitha, "Mama! Mama yangu!" akija mbio na samaki mkononi, lakini mbele yake kulikuwa na ng'ombe wa watu waliokuwa wanapakiwa, akakwama.

Mlango ulikuwa upande uliolala, haufunguki. Wavuvi wawili wakavua mashati waingie kumtoa dirishani. Mama mkwe akawanyooshea kidole wasimame. Kisha akaninyooshea mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akanisemesha, uso kwa uso, mbele ya Kigongo nzima.

"Wewe uliyeniweka humu ndiye utakayenitoa."

Nikamtazama Masalu aniokoe. Masalu alikuwa ametugeuzia mgongo, kofia mkononi, anaangalia milima. Mila ameishika barabara hata wakati huo, na hata hilo nikamwonea wivu.

Nikaingia majini na suruali yangu ya sherehe na viatu vya kung'aa. Maji kiunoni. Nikageuza mgongo dirishani, nikafumba macho (eti heshima), na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sikuwahi hata kumgusa kidole, akatoka kwa dirisha na kunikalia mgongoni kama mtoto, mikono shingoni, pochi yake ikinipiga sikioni kila hatua. Wauza samaki wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Bwana harusi huyooo!" Nilitamani ziwa linimeze, ila kwa pale lilipokuwa na kina kifupi hata kumeza lisingeweza.

Lori la mkaa likatuvutia karavani nje kwa kamba. Masalu akanyoosha ndoano kwa nyundo (aliyoibeba kwa ajili ya paa la mama, mnaona?), akaingia kwenye gari langu bila kuniomba, akarudi rivasi mara moja tu, polepole, mpaka ndani ya pantoni, sentimita tano kutoka ukingoni. Watu wakampigia makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, hata pale natiririka maji nilitafuta kosa kwenye ile rivasi na sikuliona.

Ikabaki mama akae wapi, maana karavani imelowa godoro. Masalu akamwambia Tabitha maneno mawili, Tabitha akatoa kanga moja kwenye kapu, wakaibana kati ya siti za mbele na za nyuma, huku na huku kwenye mikanda. Mama mkwe akaketi nyuma ya kanga, Masalu mbele ya kanga, hawaonani. Dakika mbili. Kanga moja! Nilinunua nyumba nzima ya Mzungu kufanya kazi ya kanga moja.

Mimi sikuruhusiwa kukaa humo. Nilikuwa nimeshamgusa mama mkwe, na mpaka achinjwe mnyama wa kulisafisha jambo hilo nisingeweza kuwa naye karibu hata kwa kanga kumi. Kwa hiyo kutoka Busisi mpaka ukweni nilisafiri ndani ya karavani, nimekaa kwenye godoro bichi, nimevaa kanga ya Tabitha kwa sababu suruali ilikuwa inakauka dirishani, na kila kijiji tulichopita watu walitoka nje kuangalia, vilevile kama nilivyopanga, wakampungia Masalu.

Tulipofika, uwanja ulijaa. Masalu akashuka kwenye usukani, wakashangilia. Mama akashuka, wakashangilia zaidi. Kisha mlango wa karavani ukafunguliwa, nikatokea na kanga yangu. Baba mkwe akanitazama juu mpaka chini, akamgeukia Masalu akauliza kwa huruma, "Na huyu mgonjwa mmemtoa wapi?"

Nilitoa mbuzi, wazee wakasema maneno yao, yakaisha. Karavani niliiacha palepale, sikutaka kuiona tena. Na nimeapa, sivuti kitu nyuma ya gari, hata baiskeli mbovu, na mtu akiniuliza kama ndani kuna mtu, najibu kwanza yupo halafu ndiyo naangalia.

Miezi kadhaa baadaye Tabitha alitoka kwao na kapu kubwa la mayai. Mama ameifanya karavani banda la kuku, akaniambia, Masalu katengeneza sakafu, kuku wanataga mpaka kwenye sinki. Nikauliza kama mtu asiyejali, "Mama anasemaje?"

"Mama anasema una mgongo mzuri. Kakutengea mayai matano."

"Na haya mengine?"

Tabitha akaangalia chini. "Anasema umpelekee Masalu."

Nikayapeleka. Kwenye siti ya nyuma, yamefunikwa kanga, mwendo wa pole, na hakuna hata moja lililopasuka.