Funguo Ambazo Lutgart Hakuziomba

Kijijini kwetu Oosterwalle, mtu akitaka kukusifu kwa ushupavu husema umekuwa Lutgart. Akitaka kukutukana husema hivyohivyo. Lutgart Vercoutere ndiye mwenye baa inayotazamana na bucha yangu. Baa aliirithi kwa mama mkwe wake, akamzika mume angali na umri wa kuolewa tena, na hakuolewa. Alisema wanaume wa kuwatazama anao wa kutosha kila jioni.

Alikuwa na sheria moja. Juu ya kaunta kulikuwa na bakuli la udongo, na aliyezidisha bia alitia humo funguo za gari lake, akarudi nyumbani kwa miguu au akafuatwa na mkewe aliyenuna. Hakujali wewe ni nani. Padri alitia. Meya alitia, tena wakati wa kampeni. Mimi nilijaribu kubisha mara moja. Akanishika sikio mbele ya wateja wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, nikazitia.

Baa hiyohiyo ilikuwa makao ya mashabiki wa Wannes Dhaese, mwendesha baiskeli wa mashindano. Wannes ni mtoto wa hapahapa, mwana wa fundi bomba, na picha yake ilichorwa kwenye ukuta wa nje wa baa, kutoka usawa wa dirisha hadi paa. Tulivaa rangi zake. Tulikodi basi kumfuata kila alikokwenda, tukasimama mvuani nusu siku ili tumwone akipita mara moja. Akishinda, tulisema tulijua. Akishindwa, ulikuwa upepo, au mnyororo, au wenzake wamemwonea wivu. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Sisi hata hilo kengeza hatukuliona.

Masika ile Wannes alishinda mbio kubwa za barabara za mawe, zile ambazo babu zetu walizililia. Jumapili iliyofuata alikuja kwenye karamu tuliyomwandalia. Kulikuwa na chipsi, mchuzi wa nyama uliopikwa kwa bia, na soseji zangu. Kila mtu alitaka kumnunulia Wannes glasi moja, na kumkatalia shabiki glasi kwetu ni kama kumtemea mate. Naye kijana alikuwa hajaonja bia tangu majira ya baridi. Akanywa zote.

Kiza kilipoanza kuingia akasema anakwenda. Aliyumba, akashika mlango, akasimama pale, kisha akageuka kutazama kaunta. Lutgart alikuwa nyuma ya kaunta na bakuli lake limejaa funguo za watu wengine. Hakumwomba zake. Sisi tukapandisha wimbo, na Wannes akatoka.

Nje bado mashabiki walimshika kumpiga picha. Mzee Firmin Baert, mkamua ng'ombe mstaafu na shabiki mwenzetu, alipanda baiskeli yake akatangulia, maana kuku wake walikuwa hawajafungiwa. Kwenye kona ya shamba la viazi, gari la Wannes lilimgonga kwa nyuma. Nyonga ilivunjika, na mguu pia. Wannes aliita gari la wagonjwa, lakini meneja wake alifika kabla ya polisi, akamwondoa. Kesho yake meneja akawaambia waandishi wa habari kwamba bingwa alikunywa glasi moja tu, na kwamba mzee hakuwa na taa.

Taa ilikuwepo. Nusu ya kijiji tuliiona ikiwaka Firmin alipoondoka. Lakini kufikia katikati ya wiki, kila uliyemuuliza alikumbuka giza. Na aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Firmin mwenyewe. Kitandani hospitalini aliwaambia polisi, "Sikuwasha taa. Kosa ni langu. Mwacheni kijana, ana mbio wiki ijayo." Mzee amevunjwa, halafu analibeba kosa la aliyemvunja, na kijiji kizima kinamsaidia kujitwisha. Nilikasirika mpaka nikajikata kidole dukani.

Yaliyofuata alinisimulia Lutgart mwenyewe. Alasiri moja alikuwa jikoni akimenya viazi, Wannes akabisha mlango wa nyuma.

"Mama Lutgart, naweza kuingia?"

"Mlango uko wazi. Umekula?"

"Chakula hakipiti." Akaketi. "Kila ninayemwambia nilikuwa nimelewa ananiambia nimechoka tu, nikapumzike. Meneja, Roland mwenyekiti wa mashabiki, hata baba. Padri kaniambia nisijitese."

"Sasa kwangu umefuata nini?"

"Siku ile pale mlangoni nilijua nimelewa. Nilisimama nikikungoja. Nikasema moyoni, Mama Lutgart ataniita sasa hivi, yeye hamwachii mtu. Hukuniita."

Lutgart akaweka kisu chini. "Sikukuita. Angekuwa mwingine yeyote ningemshika shati. Wewe nilikuona kama ile picha ya ukutani. Picha hailewi."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Wewe ni mtu mzima, una mkono wa kutoa funguo mwenyewe. Hilo ni lako, sikubebei. La kwangu ni kukuacha upite, na hilo silibwagi kwa Firmin. Kesho asubuhi nakwenda polisi. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, sikungojei."

Habari kwetu hazihitaji miguu. Jioni hiyo Roland Maes, muuza mapazia na mwenyekiti wa mashabiki, aliingia baa na wenzake wawili. Mimi nilikuwa pembeni na glasi yangu.

"Lutgart, dada yangu," Roland akaanza, "usituharibie."

"Aliyeharibu ni nani?"

"Ukisema ulimwona kalewa ukamwacha aendeshe, leseni ya baa imekwenda. Na sisi tutahamia baa ya Norbert."

"Norbert bia yake imelala. Mtarudi."

"Acha mzaha. Utammaliza yule mtoto, na sisi ndio tuliomlea."

"Nani kamlea? Nyinyi na mimi tulimwabudu, Roland. Mtoto anayelelewa huambiwa basi, umekunywa vya kutosha, toa hizo funguo. Huyu nani alimwambia?"

Roland akanigeukia. "Wewe wa bucha, hebu mwambie."

"Firmin alikuwa na taa," nikasema.

Roland hakununua nyama kwangu mpaka Krismasi. Lutgart alinijazia glasi bila kunitazama, akawaambia wale watu kama hawanywi wampishe afagie.

Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akafunga baa, akapanda basi la kwanza kwenda mjini. Alisema njiani alitamani kushuka arudi, kwa sababu ile baa ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya, na hakujua mwanamke wa umri wake ataanza nini. Hata hivyo aliingia. Kwenye benchi la kituo alimkuta Wannes amekaa peke yake, bila meneja, amevaa shati la kawaida kama kijana yeyote aliyeitwa polisi. Alipoitwa, Lutgart alieleza alichokiona na alichoacha kukifanya, akatia sahihi.

Wannes alinyang'anywa leseni ya udereva, na timu yake ikamweka nje majira yote ya kiangazi. Baa ikafungwa. Firmin akatambuliwa kuwa aliyegongwa, si aliyejigongesha, na bima ikamsimamia matibabu.

Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Walewale walioapa kuwa hakukuwa na taa sasa wakasema Wannes alikuwa mhuni tangu utotoni, wao walimwona mapema. Mmoja akamwaga rangi nyeusi juu ya picha yake. Jana malaika, leo jambazi, na katikati hapo, mahali wanapokaa binadamu, hakuna aliyempa hata kigoda. Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watu wote humlaumu mgema. Mimi siku hizi nawauliza wasifiaji walikuwa wanakunywa nini.

Lutgart alipanda ngazi akasugua ule ukuta siku mbili, rangi nyeusi na picha pamoja, mpaka matofali yakaonekana. Roland alipita akamuuliza atachora nani sasa. Akamjibu kwamba ukuta kazi yake ni kushika paa.

Firmin alirudishwa nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Lutgart, asiye na baa ya kufungua, alimpelekea supu kila mchana. Mzee alikuwa akigeuza uso dirishani mpaka Lutgart atoke. Siku moja nilikuwa pale, nimemletea mifupa ya mchuzi, mzee akashindwa kuvumilia.

"Umemharibia kijana."

"Kijana huyo hapo nje analisha kuku wako. Hebu mtazame."

"Na mimi umenifanya mwongo mbele ya polisi."

"Hiyo kazi uliifanya mwenyewe. Kula, inapoa."

Firmin akashika kijiko, akakirudisha. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikuambie kitu, Lutgart. Ungemwomba funguo siku ile, mimi ningekuwa wa kwanza kukuzomea. Ningepanda juu ya meza nikuzomee."

"Ungepanda, najua," Lutgart akasema, akamsogezea sahani. "Na ukishachoka kunizomea ungeshuka mezani kwa miguu yako."